Sharti la Kwanza

Kila jioni, kabla Bi Masharti hajavua kiatu cha pili, mama mkwe wake alimuuliza swali lilelile. Alikuwa akimsubiri kwenye kigoda karibu na mlango, mahali palipobaki na mwanga, mjukuu ameketi chini katikati ya magoti yake, vidole vikipapasa kichwa cha mtoto kutafuta njia.

"Ujumbe wangu umekuja?"

"Bado, mama. Zamu yako haijafika."

"Haya. Wenye zamu watangulie."

Kisha Bibi aliendelea kusuka. Ususi ulikuwa kazi yake tangu usichana. Vichwa vya nusu ya mtaa vilipita mikononi mwake, vya maharusi na vya wafiwa, na sifa yake kubwa ilikuwa mistari. Mstari aliougawa Bibi ulitoka kwenye paji hadi kisogoni umenyooka, wala hakuhitaji kuurudia. Sasa jicho la kulia lilikuwa limezimika siku nyingi, na la kushoto mtoto wa jicho alikuwa amelitanda hata asione ila ukungu na vivuli. Mistari ilipinda. Mjukuu, mwenye miaka minane, alikwenda shule na kichwa chenye njia za panya, akachekwa, akanyamaza. Alimwambia mama yake tu, tena sikioni, akamwapisha kwamba Bibi asijue.

Bi Masharti ni jina alilopachikwa kazini. Alikuwa karani wa kumbukumbu katika hospitali ya macho, na hospitali ilipochoka kuwapigia wagonjwa simu mmoja mmoja ikanunua mfumo unaotuma ujumbe wenyewe, yeye ndiye aliyepelekwa kusomea namna ya kuuendesha. Alirudi akizungumza kwa kama, basi na la sivyo. Kama upasuaji umebakiza wiki mbili, basi mgonjwa aandikiwe ujumbe. Kama amejibu ndiyo, jina lake libaki kwenye orodha. La sivyo, akumbushwe baada ya wiki moja, na tena zikibaki siku tatu. Kama hata hapo kimya, nafasi yake apewe anayefuata. Kila sharti lilizaa matawi mawili, na kila tawi likazaa mengine, hata ukuta wa nyuma ya meza yake ukajaa karatasi zilizochorwa mishale.

Nyumbani nako hakuacha. Kama umeoga, sahani yako hii. La sivyo, ndoo ile pale. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, aliwaambia wenzake wa karakana kwamba yeye ni mwanamume pekee anayeishi kwa mkataba ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliwaambia hivyo kwa fahari, maana hakuna mke mwingine pale mtaani aliyeiamrisha kompyuta ikatii.

Miezi mitano nyuma Bibi alikuwa amepimwa na kuandikishwa kwa ajili ya Daktari Mgeni, bingwa aliyekuja mara mbili kwa mwaka na mashine zake, akakaa wiki mbili, akafungua macho ya watu bila malipo, akaondoka. Nje ya wiki hizo upasuaji ulikuwa wa kulipia, na bei yake ilikuwa sawa na karakana nzima ya Fundi pamoja na mageti yaliyokuwa ndani. Siku ile ya kupimwa, Sista, muuguzi mkuu wa wodi, alimvuta Bi Masharti pembeni. Alimwambia presha ya jicho la Bibi imeanza kupanda. Msimu huu usimpite, akasema, maana likichelewa sana, hata wakilisafisha halitaona tena.

Bi Masharti angeweza kufungua faili la Bibi siku yoyote aone tarehe. Hakufungua. Mfanyakazi haruhusiwi kuchungulia faili la jamaa yake, na kanuni hiyo aliiandika yeye mwenyewe, baada ya kuchoshwa na wapwa na mashemeji waliokuwa wakirukishwa foleni. "Mfumo hauna shangazi," alipenda kusema, na watu walicheka na kumwogopa kidogo. Kwa hiyo alisubiri ujumbe kama anavyosubiri mgonjwa yeyote, simu yake mwenyewe mfukoni, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye faili la Bibi ilikuwa yake.

Daktari Mgeni akaja. Wiki ya kwanza ikapita. Bado, mama, alisema Bi Masharti kila jioni, na moyoni akaanza kuhesabu siku.

Jumatatu ya wiki ya pili alichapa orodha ya Wasiojibu, kama alivyofanya kila Jumatatu, ampelekee Msimamizi wa hospitali. Majina yalikuwa arobaini na moja. Aliyapitia harakaharaka kuona kama wino umeshika, na kwenye jina la kumi na saba macho yakamtoka. Alisoma jina la mama mkwe wake, akasoma umri, akasoma namba ya simu. Akakaa.

Siku hiyo kanuni aliivunja. Alifungua faili. Ujumbe wa kwanza: umetumwa. Wa pili: umetumwa. Wa tatu: umetumwa. Jibu: hakuna. Nafasi amepewa anayefuata, tangu Alhamisi iliyopita. Akatoa simu yake, akapekua ujumbe mmoja baada ya mwingine hadi miezi mitatu nyuma, na hapakuwa na hata mmoja kutoka hospitali. Akaufungua mti wake wa masharti kuanzia juu kabisa, na pale juu, kabla ya matawi yote, akalikuta sharti aliloliandika mwenyewe mwaka uliopita.

Wakati ule alikuwa anaujaribu mfumo, na namba ya kujaribia ilikuwa yake. Ujumbe wa majaribio ulimwandama hadi mezani, ishirini kwa jioni moja, hata Bibi akamtania kwamba kuna bwana mahali anamposa kwa fujo. Kwa kuchoka, usiku mmoja kabla ya kulala, aliandika mstari mmoja: kama namba ni hii, usitume, andika umetumwa, upite. Simu ikanyamaza, wakala kwa amani. Akasahau. Bibi alipokuja kuandikishwa na mhudumu wa mapokezi akauliza namba, aliitaja namba hiyohiyo bila kufikiri, kama mtu anavyotaja jina lake.

Hakulia. Machozi yangekuwa nafuu. Alikaa akiutazama ule mstari mfupi, na alichokifikiria si kompyuta wala Msimamizi. Alifikiria jioni zote zile, Bibi akiuliza na yeye akijibu zamu haijafika, tena kwa sauti ya mtu anayejua.

Alikuwa na ufunguo wa orodha. Mibofyo miwili tu ingemrudisha Bibi mahali pake, na jina la mwisho lingeshuka. Alilitafuta hilo jina la mwisho. Lilikuwa la fundi viatu mmoja, mzee wa miaka sitini na nane, naye ameshalazwa. Bi Masharti akatoka nje kumtazama, asijue anataka kuona nini. Alimkuta kwenye benchi la varandani, fimbo katikati ya magoti, ameshaoshwa uso na kukatwa kope kwa maandalizi ya kesho.

Alimwamkia. Mzee akaitikia akigeuza uso kuifuata sauti, akafurahi kupata wa kuongea naye.

"Mimi nilikuwa sipo, mwanangu," akasema. "Nilishaambiwa mpaka msimu ujao. Ijumaa binti yangu akanisomea kwenye simu kwamba kuna mtu hakujibu, nije mimi. Ukimjua mtu huyo ni nani, niambie nimshukuru."

Bi Masharti alimwambia atamwambia. Akarudi ndani, akafunga orodha bila kuigusa, akaenda chooni kunawa uso.

Jioni hiyo alivua viatu vyote viwili kwanza. Bibi alipouliza, hakujibu mlangoni. Alimwomba mjukuu akacheze kwa jirani, akachuchumaa mbele ya kigoda, akaeleza yote: ujumbe wa majaribio, sharti la kwanza, orodha ya Wasiojibu, mzee wa viatu. Fundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, mikono myeusi kwa kazi, hajaoga. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja, kama jambo hilo halirekebishiki. Mkewe akamwambia linarekebishika kwa kumtoa mzee wa watu kitandani. Fundi akatikisa kichwa, akaenda uani. Walimsikia akinawa kwa muda mrefu kuliko mikono miwili inavyohitaji.

Habari hazikukaa. Dada yake Fundi alipiga simu kumjulia hali mama yake kama kila Jumatatu, na Fundi, ambaye hakuwahi kujua kumficha dada yake kitu, akamwambia. Simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje ili Bibi asikie.

"Wifi yangu yuko hapo?" sauti ikauliza. "Wifi, naomba unieleweshe. Watu wa mji mzima wanapata ujumbe wako. Mama anayelala chumba cha pili kutoka chako ndiye amekosa? Au mzigo umechosha, ukaona aibu kusema?"

Bi Masharti alitazama vidole vyake. Fundi alinyoosha mkono kuizima ile simu, lakini Bibi alikuwa ameshaipapasa na kuinyakua mezani.

"Wewe," Bibi akamwambia binti yake, taratibu, "mara ya mwisho umenikata kucha lini?"

Upande wa pili binti akaanza kutaja kazi, akaachia njiani.

"Basi huyu hunikata kila Jumapili. Hata za miguu. Kesho ukipiga, uanze kwa kumsalimia." Akamrudishia Fundi simu, akamgeukia mkwe wake aliyekuwa bado amechuchumaa. "Na hao wengine?"

"Wengine gani, mama?"

"Umesema wasiojibu ni arobaini na moja. Mimi nilizibwa na sharti lako. Wao walizibwa na nini?"

Bi Masharti akaeleza kwamba hao walitumiwa ujumbe, na ulifika, ila hawakujibu. Aliposema hivyo alijisikia akisema tena kama alivyosema kwenye vikao, kwamba wamepuuza. Sista aliwahi kumpinga kikaoni, akasema mzee hapuuzi jicho lake mwenyewe, naye alimjibu kwa ile kauli yake ya shangazi, watu wakacheka.

"Ujumbe wenyewe unakujaje?" Bibi akauliza.

"Kwa maandishi, mama. Wanasoma, wanajibu ndiyo."

Bibi akageuza uso kumwelekea, jicho moja limezimika na jingine ukungu mtupu.

"Mnawaandikia wasioona?"

Fundi, aliyekuwa akijifuta mikono, akaacha kujifuta. Mwaka mzima wasomi wa hospitali ile, watu wenye macho mazima, walikuwa wamekaa kuzunguka meza wakibishana kuhusu rangi ya nembo, na hakuna hata mmoja aliyeliona hilo. Bi Masharti akainamisha kichwa kwenye magoti ya mama mkwe wake, na hapo ndipo alipolia. Mkono wa Bibi ukashuka kichwani pake, ukaanza kumpapasa nywele kwa mazoea, ukigawa mstari.

Jumanne alikwenda kwa Msimamizi na orodha mkononi, akasema kosa lake kabla hajaulizwa, na mara baada ya kosa lake akasema la hospitali. Msimamizi alianza na ukali. Alimkumbusha kwamba ni yeye aliyesema mfumo hauna shangazi, akauliza kama leo umepata mama mkwe. Yalimchoma, lakini alijikaza, akaomba wapewe siku ya kuwapigia wale arobaini na mmoja kwa sauti. Sista aliyekuwa ameleta chai akaweka chai chini, akasema yeye atakwenda kumwomba Daktari Mgeni. Alirudi kabla chai haijapoa. Daktari alikuwa tayari kuongeza siku moja kabla ya kusafiri, Jumamosi, watu kumi na wawili, si zaidi.

Kanuni waliipanga hapohapo, na Bi Masharti ndiye aliyeisema. Wapigiwe kwa mfuatano wa orodha. Kama mtu anakubali, ahesabiwe. Kama hapokei baada ya kupigiwa mara tatu, apigiwe jamaa yake. Kama naye hapatikani, ndipo aruke kwa anayefuata, na zikitimia kumi na mbili, mfumo usimame. Hakuna aliyetaja namba kumi na saba, lakini wote watatu waliijua.

Kilichobaki kilikuwa sauti. Mfumo ulikuja na sauti yake, ya msichana aliyesoma maneno upesi kama anayekimbizwa, na Bi Masharti alipoisikiliza aliona wazee watakata simu wakidhani wanauziwa kitu. Hapo akakumbuka sauti aliyoisikia kila jioni kwa miaka kumi na moja.

Walirekodia chumbani, Jumatano alasiri, dirisha limezibwa kwa godoro. Fundi alizima mashine karakana na kusimama nje kuwanyamazisha watoto wa jirani. Bi Masharti alimsomea Bibi maneno ayarudie: habari, hii ni hospitali ya macho.

"Hospitali haisemi," Bibi akasema. "Anayesema ni mtu. Na huyu ninayempigia ni mkubwa wangu au mdogo wangu?"

"Wamechanganyika, mama."

"Sasa nitawaamkiaje? Siwezi kumwambia mzee wa miaka themanini hujambo. Atakata simu, na mimi ningekata."

Bi Masharti alitaka kusema haidhuru, muda mchache, kisha akakumbuka jambo. Miaka ya kila mgonjwa ilikuwamo kwenye faili. Tangu mfumo ununuliwe ilikuwamo humo, na hakuna aliyewahi kuitumia ila kwa takwimu za mwisho wa mwaka.

"Naweza kuugawa," akasema polepole. "Kama amekuzidi miaka, basi asikie shikamoo. Kama umemzidi, asikie hujambo mwanangu."

"Na rika langu?"

"Hao nao tawi lao."

"Wape habari za siku nyingi. Na asiyekuwa na mtu wa kumleta, atakujaje?"

Likaongezwa tawi jingine. Bonyeza moja kama utakuja. Bonyeza mbili nirudie. Bonyeza tatu kama huna wa kukuleta, gari litakufuata. Hilo la gari ilibidi Sista apigiwe kwanza, akakubali kabla sentensi haijaisha. Bibi aliyarudia maneno yote hadi akayashika, kisha akauliza jambo ambalo mkwe wake alikuwa akiliogopa tangu asubuhi.

"Mimi ni wa ngapi humo?"

"Wa kumi na saba."

"Na nafasi?"

"Kumi na mbili."

Bibi akafikiri. Nje Fundi alisikika akimfukuza mtoto fulani na mpira wake.

"Kwa hiyo nikisema vizuri, sipati."

"Ndiyo, mama."

Alikuwa tayari kumwambia waache, watumie ile sauti ya msichana, hakuna atakayewalaumu. Maneno yalikuwa ulimini. Bibi alinyoosha mkono, akapapasa kitandani hadi akaigusa simu.

"Kisogeze karibu hiki kidude," akasema, akasafisha koo. "Shikamoo mzee wangu. Usikate, si mtu wa kukuuzia kitu. Mimi pia jicho langu ni bovu kama lako. Nakupigia kutoka hospitali ya macho, nafasi yako ipo, Jumamosi. Kama utakuja, bonyeza moja, kile kitufe cha kwanza kabisa juu kushoto. Kama hujanisikia vizuri, bonyeza cha pili nirudie. Sichoki."

Alhamisi saa tatu asubuhi simu zikaanza kwenda zenyewe. Bi Masharti alikaa mbele ya skrini na Sista akasimama nyuma yake. Wa kwanza akabonyeza moja. Wa pili akabonyeza mbili, kisha moja. Wa tatu akabonyeza tatu, Sista akaandika anwani kiganjani. Walikuwa watu waliohesabiwa kuwa wamepuuza, na sasa walijibu mmoja baada ya mwingine, wengine kabla Bibi hajamaliza salamu. Kwa kila jibu, Sista alimshika Bi Masharti bega, naye hakujua kama anapongezwa au anapewa pole. Wawili walikuwa wameshafariki. Mmoja namba yake haikuwepo tena. Wa kumi na tano alibonyeza moja, akatimia mtu wa kumi na mbili, na mfumo ukasimama, kama ulivyoamriwa.

Jioni hiyo Bibi hakuuliza kama ujumbe umekuja. Aliuliza wangapi wameitika, na alipoambiwa, akasema si haba. Alisuka kidogo, akafumua, akasema amechoka, akaenda kulala jua halijazama vizuri. Bi Masharti alimfuata na shuka. Alimkuta ameukabili ukuta, akakaa kitandani kando yake, akamwambia kwamba anaona aibu. Bibi akasema hata yeye anaona uchungu, hatamdanganya, uchungu upo. Lakini akamtaka asiuchanganye uchungu huo na aibu yake, kila mmoja abebe mzigo wake. Kisha akamsogezea nafasi, wakalala hivyo mpaka mjukuu alipokuja kuuliza leo watakula nini.

Ikawa miezi mitano ya dawa ya matone. Asubuhi tone moja, adhuhuri moja, usiku moja, na wa kuyatia alikuwa Bi Masharti, na adhuhuri alipokuwa kazini, dada yake Fundi alivuka mitaa mitatu kuja kulitia yeye. Hakuomba radhi kwa mdomo. Siku ya kwanza alikuja na kikatio kipya cha kucha. Kila mwezi Sista alipima presha ya jicho, na kila mwezi wote walishika roho mikononi, na presha ikagoma kupanda. Ukungu uliongezeka, lakini nyuma ya ukungu, Sista alisema, jicho bado liko hai.

Fundi alimnunulia mama yake simu ndogo ya vitufe, akadondosha tone la gundi ngumu juu ya kitufe cha kwanza na matone mawili juu ya cha pili. Bibi alifanya mazoezi. Ilikuwa mzaha wa nyumba nzima, kwamba Daktari Mgeni akirudi, Bibi atapigiwa simu na Bibi. Mjukuu aliuliza watasalimianaje. Bibi akasema hilo ni gumu, maana mwanamke huyo ni rika lake kabisa na ana maneno mengi.

Msimu ulipokaribia, orodha ikafunguliwa. Waliokosa nafasi msimu uliopita walitangulia, na Bibi alikuwa wa pili, kihalali, bila kusogezwa na mtu. Siku ya simu kwenda, Bi Masharti aliwahi kazini kabla ya wote. Alifungua mti wake wa masharti hadi juu kabisa. Mstari ule bado ulikuwepo. Alikuwa ameondoa ile amri ya kutotuma tangu siku ile ya kilio, lakini mstari wenyewe hakuufuta. Sasa aliandika namba mpya ya Bibi mahali palipokuwa na yake. Kama namba ni hii, basi sauti isiwe ya mama. Akachukua simu, akahakikisha mlango umefungwa, akarekodi maneno machache kwa sauti yake mwenyewe. Sista alipoingia na kuona, hakusema lolote kuhusu shangazi.

Saa tatu kamili simu zikaanza. Wa kwanza akabonyeza moja. Kwenye mstari wa pili skrini ikaandika: inaita. Kisha: imepokelewa.

Bi Masharti hakuweza kusikia chochote kutoka pale alipoketi. Aliyajua tu maneno yaliyokuwa yakisemwa wakati huo kwenye kigoda karibu na mlango, mtaani kwao. Shikamoo, mama. Ni mimi mwanao. Ujumbe wako umekuja, zamu yako imefika. Kama utakuja, bonyeza moja. Kama hujanisikia, bonyeza mbili nirudie.

Akasubiri. Sista akasubiri nyuma yake. Jibu likaandikika kwenye skrini, tarakimu moja.

Mbili.

Ukapita muda wa maneno yale yote kusemwa tena tangu mwanzo.

Mbili.

Sista akauliza kwa wasiwasi kama simu ya Bibi ina hitilafu, au gundi ya Fundi imekamata vibaya. Bi Masharti akatikisa kichwa.

Mbili.

Kisha moja.